Agizo Ambalo Hukulitoa

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Februari, 1978.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute barazani, goti likiwa limekupa likizo kidogo na chai ikiwa bado ya moto. Nauliza hali ya Mama na macho yake, hali ya kahawa baada ya zile mvua ulizonisimulia, na hali ya majirani ambao, najua, wanaendelea kukugongea alfajiri wakitaka dawa, kana kwamba wewe hujastaafu na zahanati haina mtu mwingine. Wasalimie wote.

Mimi ni mzima. Nalisema mapema kwa sababu redio bila shaka imekwisha kukutia hofu juu ya kipindupindu cha huku. Ni kweli kipo. Chuo kimetutawanya sisi wanafunzi wa udaktari pembezoni mwa jiji, na mimi nimepangwa katika kambi iliyofunguliwa ndani ya shule ya msingi, upande huu wa Barabara ya Pugu, si mbali na kambi ya jeshi. Madawati yametolewa nje, na madarasani vimewekwa vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, na ndoo chini yake. Shule yote imezungushiwa kamba. Wagonjwa wamo ndani, ndugu zao wako nje, na kati yao amesimama mgambo mwenye rungu. Tangu asubuhi hadi jioni huwasikia watu wakiitana kwa majina kutoka upande mmoja wa kamba hadi mwingine.

Kabla hatujaja, mwalimu wetu mmoja alitusomea jarida la kitabibu lililokuwa limefika kwa meli. Humo imeandikwa habari ya kambi za wakimbizi wa Bengali, miaka saba iliyopita, ambako kipindupindu kilikuwa kikiua watu kama moto katika nyasi kavu. Chupa za dripu ziliwaishia madaktari wale. Ndipo wakachanganya maji safi, chumvi na sukari kwa vipimo, wakawapa ndugu wa wagonjwa, wakawaambia wanyweshe bila kukoma. Vifo vilipungua mno. Utafiti umeonyesha kwamba utumbo wa mgonjwa huyu, hata ukiwa unamwaga kila kitu, bado hupokea maji iwapo sukari na chumvi vimeandamana nayo. Hata akitapika, sehemu kubwa ya alichokunywa hubaki mwilini. Baba, nilitoka darasani nikimsimulia kila niliyekutana naye! Dawa isiyohitaji kiwanda cha bepari, isiyohitaji fedha za kigeni, dawa ambayo mkulima wa Chanika aweza kuichanganya jikoni kwake! Niliona Azimio zima la Arusha limo ndani ya kikombe.

Unanijua. Siku yangu ya kwanza hapa nilipanda juu ya dawati nikawahutubia wauguzi, mgambo, na ndugu wote waliokuwa nje. Niliuliza ni nani aliyeweka kamba kati ya mwananchi na mwananchi. Niliuliza uhuru huu ni wa nani ikiwa mama haruhusiwi kumnywesha mwanawe. Muuguzi wetu, dada Bernadeta, mwenyeji wa Songea, alinisikiliza akiwa na ndoo mkono huu na mkono huu, kisha akaniuliza kama hotuba ile ina mwisho, maana yeye amepungukiwa na watu wenye mikono, na wenye midomo wanamtosha. Watu wakacheka mpaka mgambo akaegemea rungu lake. Nikashuka, nikapokea ndoo moja.

Sasa nikueleze habari ya mgonjwa mmoja. Jina lake nitaliandika kabla sijaweka kalamu chini. Nimelizuia kwa makusudi, ili umwone kwanza kama ulivyowaona wagonjwa wako wote, bila kuuliza ni wa nani.

Aliletwa asubuhi juu ya mkokoteni ambao mumewe hubebea magogo ya mpingo. Mume huyo anaitwa Sadallah, mchonga vinyago kutoka Newala, mtu mwembamba mwenye vumbi la mpingo hadi katika nyusi. Nyuma yao alikuja mama mkwe, Bibi Somoe, na chupa ya uji kwapani, akimwuliza mgambo kama mama yake alimzaa pamoja na kamba ile au aliiokota njiani. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekauka. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiikunja inabaki imekunjika, sauti imebaki mnong'ono. Lakini fahamu alikuwa nazo, na chupa chache za dripu zilizobaki zilikuwa za wale waliokwisha kuzipoteza. Uhai wake ulikuwa katika kikombe, wala si mahali pengine.

Akakataa kunywa. Alifumba mdomo, akaweka kiganja juu yake. Kutoka nje ya kamba Sadallah alinieleza kwamba ndivyo alivyofanya tangu jana. Kila wakimletea maji, madafu, uji, yeye husema kwamba tumbo linalotapika hufungwa mpaka litulie. Bibi Somoe aliongeza kwamba mkamwana huyu ni mwema katika mambo yote isipokuwa hili la kujifanya amezaliwa hospitali. Nilipoinama kumwuliza mgonjwa, alinijibu bila kufumbua macho kwamba hayo alifundishwa kwao, na aliyemfundisha alikuwa mtu wa dawa, tena hakuwahi kusema uongo.

Nilikwenda kwa Bwana Mganga, mkuu wa kambi. Nilimwambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyopasa kwamba kamba ile inaua. Kwamba mgonjwa huyu anahitaji mtu wa kumnywesha kijiko kwa kijiko mchana kutwa, na wauguzi hawatoshi. Kwamba kule Bengali walionywesha walikuwa ndugu. Yeye ni mtu asiyepandisha sauti. Alinijibu kwamba jarida lile amelisoma pia, lakini mume akiingia na kutoka atakipeleka kipindupindu nyumba kwa nyumba, na je, nitawahutubia hao nao watakapoletwa? Akawahesabu wauguzi wake kwa macho, kisha akasema yeye mwenyewe kwamba atakubali mtu mmoja kwa kila mgonjwa, kwa sharti kwamba anayeingia hatoki mpaka mgonjwa wake atoke, na anawe kwa dawa kila amgusapo. Sadallah hakungoja nimalize kumweleza. Alivua viatu, akampa mama yake, akapita chini ya kamba.

Alikaa sakafuni, kikombe mkononi. Alimbembeleza, akamtania. Alimwambia kwamba watu wa kwao wanasema yeye Sadallah amemwiba. Sasa asiwape na la kusema kwamba amemwua. Mgonjwa alitabasamu, Baba, kwa midomo iliyopasuka, lakini kiganja hakukiondoa. Mapigo yake yalikuwa yakikimbia chini ya kidole changu kama uzi unaovutwa. Nilimsomea habari za Bengali. Nilimweleza juu ya utumbo, juu ya chumvi. Nilimwambia kwamba sayansi imekwenda mbele na mafundisho ya zamani, hata ya watu wema, yamepitwa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, nayo haikuingiza hata tone moja.

Nadhani umekwisha kumjua. Ni Kokushubila. Ni mwanao, dada yangu, aliyebatizwa Benedicta, ambaye tangu alipofunga ndoa bomani na Mwislamu wa kusini umekataza jina lake lisitajwe mezani. Sikujua anakoishi mpaka mkokoteni ule uliposimama mbele yangu. Na fundisho lililomfumba mdomo ni lako. Tulilipokea sote tukiwa wadogo, kila tulipoharisha tukikaa na kiu kando ya kitanda chako, kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa nawe na wamisionari, kwa nia njema. Umemfuta katika nyumba yako, naye alikuwa tayari kufa kuliko kuvunja neno lako.

Ndipo nilipofanya hili ambalo barua nzima imelizunguka. Niliinama sikioni mwake nikamwambia, kwa lugha yetu ya nyumbani, kwamba nimepata salamu kutoka kwako, Tata wetu. Kwamba Tata amesikia kuwa Kokushubila anaumwa. Kwamba Tata amesema utaratibu wa zamani umebadilika, na anamwagiza mwanawe anywe. Nilisema hivyo: mwanawe. Alifumbua macho akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaondoa kiganja. Sadallah hakuelewa tulichosema, lakini aliona mdomo umefunguka, akatia kijiko. Akatapika, akatia kingine. Hadi jua lilipoanza kushuka alikuwa ameomba kikombe akishike mwenyewe.

Baba, mimi niliyesimama mbele ya mikutano nikitaka amri za wazee zizikwe pamoja na ukabaila, nimetumia amri yako, tena bila ruhusa yako, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine chenye nguvu ya kutosha. Utanikaripia, nami nitapokea. Lakini nakusihi kwanza uwaambie majirani wanaokugongea alfajiri kwamba mgonjwa wa kuhara na kutapika anyweshwe. Ukilisema wewe watalishika. Nimekuandikia vipimo nyuma ya karatasi hii.

Kokushubila amerudi nyumbani kwake. Anatembea. Kila niendapo kumtazama huniuliza ulisema nini kingine. Mara ya kwanza nilimwambia ulimsalimu. Mara ya pili nilisema uliuliza kama ana watoto, naye anao wawili. Jana aliuliza tena, na Sadallah akaacha tupa yake asikilize, nami sikuweza kuendelea kukusemea. Nimemwambia angoje, kwamba yaliyobaki utayasema mwenyewe.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii hadi mwisho, usiruke mahali. Bibi Somoe naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Anasema mkamwana wake sasa anakunywa maji hata asipokuwa na kiu.

Wako mtiifu katika mengi,
mwanao,
Gozbert Kamugisha