Hezroni Mrutu, Kocha Aliyeita Jina la Zebedayo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya ukungu kule Chome uliposhika njia ya msituni peke yako, nasi tukakupokea mchana ukiwa umebebwa na wanakijiji.

Tuanze na yale uliyoyapenda. Ulikuwa kocha wa riadha wa chuo kikuu kwa miaka thelathini na mbili, na hata ulipostaafu timu ilikuwa yako, ukaendelea kuiongoza kambini. Uliandika historia ya michezo ya chuo kwenye kaunta buku tisa: mpira wa miguu, netiboli, kikapu, wavu, na riadha, ambayo uliipa kurasa nyingi kuliko yote bila aibu. Mgeni aliyekuja kukusalimia nyumbani Same hakumaliza kikombe cha chai kabla ya kusimuliwa habari za wasichana wa mwaka 1991, waliokimbia mbio za kupokezana vijiti wakiwa na sketi za kuazima za netiboli, wakarudi na medali ya fedha. Ulijua majina yao wote wanne, na ya watoto wao.

Ulikunywa uji wa ulezi bila sukari. Ulifua soksi zako mwenyewe. Hukuvumilia mtu aseme timu imeshindwa. Ulimsahihisha kwa upole kwamba timu imekuwa ya tano.

Lakini kuna jambo ambalo wengi waliokuja msibani waliuliza, na hatukuwajibu. Leo tunalisema, kwa ruhusa ya shangazi Rogathe.

Mwaka 1984 ulikuwa mwanafunzi na mkimbiaji wa timu hiyo hiyo. Kapteni wenu alikuwa Zebedayo, kijana wa Chome, kaka yake Rogathe, ambaye sisi watoto wako tumekua tukimwita shangazi kwa heshima. Timu ilipanda kufanya mazoezi kijijini kwenu, kwenye baridi ya mlima. Asubuhi moja mlikimbia hadi ukingoni mwa msitu wa Shengena, ukungu ukawafunika. Mliposhuka, kocha wa wakati ule akaita majina. Zebedayo hakuwa amefika. Aliyechelewa aliondolewa kwenye mashindano, nawe ulidhani rafiki yako yuko nyuma kidogo tu. Jina lake lilipoitwa uliinamisha kichwa, ukajibu, "Nipo." Kocha akafunga daftari.

Ilikuwa jioni ulipowaambia ukweli. Walimtafuta siku kumi na moja, wasipate hata kipande cha nguo.

Tangu ulipokabidhiwa timu uliirudisha Chome kila Agosti. Kila asubuhi, pale juu kwenye nyasi kabla msitu haujaanza, uliita majina ya wanariadha wako, na mwisho ukaita la Zebedayo. Ulinyamaza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha ukapuliza filimbi. Wanafunzi waliona ni desturi ya timu. Wengine walimaliza chuo bila kujua Zebedayo alikuwa nani.

Mwaka jana mlikuwa na wanariadha kumi na saba. Mimi Irine, binti yako na msaidizi wako, nilikuwa nimebaki chini kwenye nyumba ya wageni ya kanisa nikiandaa chai. Kwa hiyo haya nimeyapata kwao, mmoja mmoja, na hawakutofautiana. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliosimama nyuma hawakuuona uso wako. Uliita kumi na saba, wakaitika kumi na saba. Ukaita Zebedayo.

"Nipo, Hezi."

Sauti ilitoka upande wa msitu. Ilikuwa ya kijana, na haikupazwa. Clemence, kapteni wa timu, alidhani ni mzaha, akageuka kuwahesabu wenzake. Wote walikuwepo, na wote walikuwa wametazama ilikotoka sauti. Tena hakuna kati yao aliyelijua jina la Hezi. Hata Mama, aliyeishi nawe miaka thelathini na sita, hakuwahi kulisikia. Nilipomuuliza shangazi Rogathe, alisema aliyekuita hivyo duniani alikuwa kaka yake peke yake.

Wanasema hukushtuka. Ulivua filimbi shingoni ukampa Clemence.

"Shuka na wenzako," ulimwambia. "Mkifika chini wahesabu kwa macho. Usiwahesabu kwa sauti."

Alitaka kukufuata, ukamzuia kwa mkono, ukaingia kwenye ukungu. Walikusikia ukizungumza taratibu, kama mtu aliyekutana na mwenzake waliyeagana naye jana, ila maneno hawakuyashika. Abubakari wa Hedaru, aliyeshuka wa mwisho, anaapa kwamba alisikia miguu ya watu wawili ikikimbia kupanda. Wewe, Baba, kwa goti lako bovu, ulikuwa hujakimbia kwa miaka kumi na miwili.

Saa sita ukungu uliondoka wote kwa mara moja. Wanakijiji walikukuta umeketi, umeegemea jiwe ukingoni mwa korongo, viatu vimefungwa vizuri, huna hata mchubuko. Daktari alisema ni moyo. Walipokuwa wanafyeka vichaka wapate pa kukupitishia, mmoja wao akakanyaga pasipo na chini. Wenzake wakamdaka. Palikuwa na mwanya kati ya miamba, umefunikwa na majani, na ndani yake mlikuwa na mifupa ya mtu na fulana ya nailoni ya chuo. Namba nane bado ilisomeka. Ni hatua tano kutoka ulipoketi. Waliomtafuta mwaka 1984 walipita hapo hapo.

Tulikuzika Jumamosi. Zebedayo tulimzika wiki mbili baadaye, polisi walipomaliza kazi yao, na mazishi yake yalijaa watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipopotea. Siku hiyo Mama alikwenda kwa Rogathe kumwomba radhi kwa niaba yako. Rogathe alimshika mikono.

"Alikuja mwenyewe mwaka 1985," alisema, "akapiga magoti hapa jikoni. Nilimsamehe siku ile ile. Yeye ndiye hakunisikia."

Hatujabishana na daktari, wala na Abubakari. Mama huwa anauliza jambo moja tu, kama ulikuwa na hofu. Clemence amemwambia mara nyingi kwamba uso wako ulikuwa wa mtu anayechelewa mahali.

Agosti hii chuo kiliuliza kama kambi ihamishiwe kwingine. Timu ilipiga kura, ikachagua Chome. Niliwapandisha mimi. Niliita majina kumi na manane, ya walio hai tu, kama Rogathe alivyoniomba. Baada ya jina la mwisho sikusikia kitu, hata ndege. Nilipoinua macho, hakuna aliyekuwa ananitazama. Wote walikuwa wamegeukia msitu. Niliwaruhusu waanze. Waliteremka wawili wawili, wameshikana mikono, na sikuwa nimewaambia.

Unakumbukwa na mkeo Asteria, watoto wako Irine na Fanueli, wajukuu zako watatu, ambao bado wanapigania kiti chako, shangazi Rogathe, ukoo wote wa Mrutu wa Chome na Same, na kila mwanariadha uliyemwandika kwenye vitabu vyako.

Hatutachoka kukukumbuka, Baba.