Kwa Baba Rénovat Kubwimana, Aliyekataa Kuiacha Swingi

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na hapa nyumbani Seven Hills, Sydney, bado hatuwezi kukuzungumzia bila mmoja wetu kupandisha sauti. Padri alituambia hasira itapungua. Haijapungua.

Kwa wasiokufahamu, tuseme ulikotoka. Ulizaliwa Rumonge, Burundi, ukafundishwa klarineti na wamisionari, halafu ukasikia santuri za swingi, ule muziki wa dansi wa bendi kubwa, tarumbeta na saksafoni zikijibizana. Basi, ukawa umetekwa. Ulipofika Bujumbura vijana wenzako walikuwa wameshahamia kwenye magitaa na rumba. Wewe ukakusanya wapulizaji, ukawavalisha suti nyeupe, ukaiita bendi Swingi ya Ziwa. Mama anasema watu walikuja hotelini mlikopiga kuwacheka, wakaishia kucheza mpaka viatu vikawaumiza.

Mwaka 1972, mauaji yalipoanza Burundi, ulikimbia na saksafoni mgongoni, Mama umemshika mkono. Wengine wa bendi hatukujua waliishia wapi, na ukiulizwa ulikuwa unatoka nje. Kambini Kigoma uliwafundisha watoto wa watu kupuliza bila kumtoza mtu chochote. Sisi wanao tuliwaonea wivu kwa muda uliowapa.

Ukaja huku Sydney, Australia, ukiwa mtu mzima tayari. Asubuhi ulisafisha nyumba ya kutunzia wazee kule Lidcombe, na wakati wa mapumziko ukawapigia wazee saksafoni. Wazungu wale walikuwa wamecheza nyimbo hizo ujanani mwao. Kwa miaka mingi, Baba, hao ndio watu pekee wa mji huu waliokuomba uendelee.

Wainaina, nesi Mkenya, ulimpata kwenye treni ya Blacktown kwa sababu tu alikuwa amebeba tarumbeta. Akaja Mbula na kinanda, akaja Maxwell na dramu, wakaja wengine. Swingi ya Ziwa ikafufuka katika ukumbi wa kanisa kule Blacktown. Ulimpikia chai kila aliyefika kutoka shifti, ukamuuliza habari za mama yake, kisha ukamgombeza kwa noti moja aliyoikosea.

Sasa tuseme linalotuuma. Kamati ya tamasha lile kubwa la muziki la mjini ilikuita mara moja tu. Bendi nzima ikaomba ruhusa kazini. Kisha Douglas wa kamati akaja hapa sebuleni, akasema, "Mzee, tulikuwa tunafikiria ngoma za Burundi, na mavazi ya asili. Watu watapenda."

Ukamwambia, "Ngoma nazipenda sana, lakini sijui kuzipiga. Mnataka Mrundi au mnataka bendi?"

Douglas akacheka, akidhani ni utani. Arnaud, mwanao, akakuvuta jikoni. "Baba, kubali tu. Ukishapanda jukwaani, piga unachotaka."

"Nikipanda kwa uongo, nitashuka vipi?" ukamjibu, ukarudi sebuleni kukataa.

Nafasi wakapewa wengine. Mbula alilia. Wewe ukaenda mazoezini kama kawaida. Mpaka leo hatujui tuwakasirikie wao zaidi au wewe.

Halafu kifua kikaanza kukubana. Darlène, binti yako, ambaye kazi yake ni kutunza wagonjwa, alikusihi uende kwa daktari. "Baada ya mazoezi," ulisema. Akakuuliza nani ataongoza bendi ukiwa huwezi. "Kwani naenda wapi?" Ukaenda, Baba. Ukaenda bila kumtaja mtu yeyote.

Kwenye mazishi Douglas alisoma hotuba ndefu, akakuita hazina ya Waafrika wa Sydney. Mama hakuinua uso.

Bendi nayo ikakwama. Wainaina alitaka kila wimbo upigwe vilevile ulivyoupanga wewe. Maxwell alitaka kuweka midundo ya vijana. Walikutana ukumbini miezi na miezi, wakabishana, wakafunga makasha ya ala zao bila kupiga chochote. Tulichoka hata kuwauliza.

Aliyeumaliza ubishi huo ni Mama. Wewe unajua hakuwahi kuupenda muziki huu. Alisema saksafoni yako inalia kama mbuzi aliyefungwa. Jumamosi moja alivaa koti, akapanda treni mpaka Blacktown, akawakuta wanabishana tena. Akavuta kiti mbele yao, akakaa.

"Mume wangu amenisumbua masikio miaka hamsini," alisema. "Leo ndiyo mnanyamaza? Wainaina, anza. Maxwell, ukikimbiza mdundo nitajua."

Wakapiga. Katikati ya wimbo akainua mkono. "Tarumbeta zimechelewa. Rudieni."

Walitazamana. Zilikuwa zimechelewa kweli. Wakarudia, na tangu siku hiyo kile kiti ni chake. Ukimuuliza kama sasa anaipenda swingi, anasema hapana, ila hawezi kuvumilia ikipigwa vibaya.

Misa yako itasomwa Jumamosi ijayo kanisani Blacktown, saa nne asubuhi. Baada ya misa Swingi ya Ziwa itapiga ukumbini, wakiwa na suti zao, Mama akiwa mbele. Wote mnakaribishwa, kamati ya tamasha pia. Hakutakuwa na hotuba. Njooni na viatu vya kuchezea.

Unakumbukwa na mkeo Goreth; wanao Darlène na Arnaud; mkweo Gitonga; mjukuu wako Keza; mdogo wako Aloys aliyeko Bujumbura; na bendi yako yote.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata siku zile ambazo bado tunakukasirikia.