Picha Isiyofutwa Mikunjo: Kumbukumbu ya Mama Yetu, Pyo Mal-sun

Ni mwaka mmoja leo, Mama, tangu asubuhi ile ya theluji nyepesi ulipomwomba Baba afungue pazia. Alipogeuka kukuuliza kama mwanga unatosha, hukujibu. Ulikuwa umeondoka.

Wazee wengi wa mji wetu wa Namwon walipita mbele ya kamera yako kupigwa picha ya mwisho, ile mtu anayopigwa angali hai ili ije iwekwe mbele ya waombolezaji wake. Uliwafunga vifungo vya shingoni kama watoto wa siku ya kwanza shuleni, kisha ukawangoja. "Pumua kwanza," ulikuwa ukiwaambia. "Kamera haina haraka."

Kwenye mikutano ya Chama cha Wapiga Picha ulikaa karibu na mlango kwa miaka ishirini na sita. Jina lako likiitwa, uliitikia kwa kukohoa.

Kisha akafariki Bibi Gok, mteja wako. Picha yake uliilainisha kwenye kompyuta, ukafuta kila mkunjo, kwa mapenzi tu. Kaka yake alisafiri kutoka Busan ili amwone kabla jeneza halijafungwa. Kwenye jumba la misiba, lenye vyumba vya familia mbalimbali kwenye korido moja, alichungulia chumba cha dada yake, akaona picha ya mwanamke asiyemfahamu, akadhani amekosea mlango, akaomba radhi na kwenda kuketi kwenye korido. Jamaa walipomkuta huko, jeneza lilikuwa limekwisha kufungwa.

"Huyu si dada yangu," alikuambia, bila hasira. "Dada yangu alicheka mpaka uso ukakunjika. Umempeleka wapi?"

Siku mbili hukutia kitu mdomoni. Mwanao In-su alikusihi unyamaze, maana habari ikienea nani angekuja tena studio? Ukamjibu kwamba kunyamaza umekwisha kunyamaza vya kutosha.

Ndipo ukasimama kwenye mkutano mkuu wa Chama, mjini Daejeon, mbele ya watu mia tatu, umeshika kiti cha mbele yako kwa mikono miwili. Mwenyekiti alitania kwamba kumbe mama wa Namwon ana sauti. Ukumbi ukacheka. Wewe hukucheka.

"Nilimfuta mtu," ulisema. "Kaka yake alifika kwa wakati, na kwa sababu yangu hakumwona. Nisaidieni wengine wasifutwe."

Sisi tuliokujua tulijiuliza sauti ile ulikuwa umeificha wapi miaka yote.

Chama kilikufanya balozi wake, na hukunyamaza tena. Ulikwenda mji kwa mji, ukabishana na wakubwa, ukawafundisha vijana, ukawakaripia waliokuzidi elimu. Bibi mmoja alikuomba umpunguzie walau miaka kumi. "Hiyo umeifanyia kazi, shangazi," ulimwambia. "Kwa nini unigawie mimi?" Alicheka, na hapo hapo ukampiga picha. Baba alikuwa akilalamika kwa wageni: "Nilioa bubu, nimezeeka na redio." Halafu anakuandalia chai ya tangawizi kwa ajili ya koo.

Picha yako mwenyewe ya mwisho ulijipiga katikati ya ugonjwa, nywele zimepukutika, kovu la kidevuni liko wazi. Ulipoondoka, In-su aliketi mbele ya kompyuta akitaka kukurudishia nywele. Kisha akaizima.

Siku ya pili ya msiba, kabla jeneza lako halijafungwa, alikuja mzee wa Busan, kaka yake Bibi Gok, sasa ana miaka themanini na tisa, anatembea kwa mkongojo. Korido ilikuwa na vyumba sita na picha sita. Hakumuuliza mtu. Aliingia moja kwa moja kwako, akainama mara mbili mpaka sakafuni.

"Ndiye," alisema.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Tak Gi-ho, wanao Eun-gyo na In-su, mkweo Seon-ae, na mjukuu wako Da-on, aliyerithi kikohozi chako. Maadamu tuna macho, Mama, hutasahaulika.

Studio hufunguliwa saa tatu asubuhi kama zamani. Eun-gyo ndiye anayepiga picha, na mikunjo haifutwi.