Makofi Juu ya Nguzo

Kasulu, Jumamosi usiku, Agosti 1976

...na bado nacheka peke yangu nikiandika haya.

Asubuhi Mama alifika kutoka Titye kumwona mkwewe kazini, mara ya kwanza tangu harusi yetu. Tulimkuta Elia wangu juu kabisa ya nguzo ya chuma ya ghala jipya, amefunga miguuni vile vyuma vya kupandia alivyojitengenezea, vyenye meno yanayobana kingo za nguzo. Mafundi wenzake wamemcheka wiki nzima: "Bwana harusi, umevaa kucha za jogoo!"

Hata mimi sikuviamini. Kila akitoka nyumbani namwambia ashike kwa mikono miwili.

Alipomwona Mama, akasahau yuko wapi. Kwetu Buha mkwe haamkiwi bila kupiga makofi. Akaachia nguzo, mikono yote miwili! Akapiga makofi taratibu, kwa adabu zote, akaamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama!"

Nilifumba macho. Mungu wangu, kama vile vyuma vingeteleza...

Nilipofumbua, Elia wangu alikuwa palepale, ameing'ang'ania nguzo kwa miguu tu, anatabasamu. Mzuri huyo!

Mama naye akapiga makofi, machozi yakimlengalenga. "Nimeitikia, mwanangu. Sasa shika chuma!"

Jioni wale mafundi waliomcheka walikuja kwetu kumwomba awatengenezee na wao vyuma kama vyake.

Sasa amelala. Nimempaka mafuta miguuni, pale mikanda ya vile vyuma ilipomchubua. Jumatatu sitamwambia tena ashike kwa mikono miwili.

Hapana, nitamwambia tu, lakini kwa sauti ndogo.