Saa Moja Angani, Saa Nne kwenye Benchi

Jumamosi, Ipagala, Dodoma. Jua kali, upepo umenijaza vumbi mpaka masikioni, na bado nacheka peke yangu hapa kwenye kafe ya intaneti. Jirani wa kompyuta ya pili ameshanigeukia mara mbili.

Leo Mama kapanda ndege.

Dada yangu Rehema kajifungua Dar, mtoto wake wa kwanza, na kwetu Kondoa bibi anatakiwa awepo kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Kwa basi ni kutwa nzima, na magoti ya Mama hayataki tena. Basi, ndege.

Wiki nzima nimejifanya rubani. Nilipima kwa rula ramani ya ukutani ofisini: kilomita mia nne hivi, mstari ulionyooka. Nikamwambia, "Mama, ni saa moja tu. Unafunga mkanda, unafungua mkanda, umefika."

Akaniangalia, akaendelea kukaanga kuku wa safari. Kapu zima.

Saa mbili asubuhi kandege kakaruka. Nilipunga mkono mpaka kakapotea. Mama hajawahi kusafiri peke yake kupita Dodoma, Kiswahili chake ni cha kuunga-unga, na simu hana.

Sasa niungame.

Jana nilimpigia shemeji, mume wa Rehema, nikamwambia, "Mama anatoka kesho asubuhi, mpokeeni jioni." Jioni! Kila niliyewahi kumsindikiza stendi hapa Dodoma hufika Dar jioni, na mdomo ukasema ulichozoea. Mimi na rula yangu.

Nilikumbuka saa sita, nikichagua nyanya sokoni. Nikampigia shemeji kazini kwake, akatoka mbio. Saa nzima sikuweza kukaa wala kusimama. Nilimwona Mama amepotea mjini, anauliza njia kwa Kirangi, lugha yetu ya Kondoa, na hakuna anayemjibu.

Simu ikalia. Shemeji anacheka hata kuongea hawezi. Kamkuta Mama kwenye benchi la uwanjani, kazungukwa na wabeba mizigo na dereva teksi mmoja wa Kondoa, wote wanatafuna kuku. Kapu tupu. Akampa simu.

"Shikamoo Mama. Nisamehe."

"Marahaba, baba. Ndege ilifika. Wewe ndiye hukufika." Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Na wewe njoo umwone mtoto. Panda ndege. Tutakuja kukupokea jioni."

Sasa hivi yuko na mjukuu mapajani. Kitovu bado kipo. Amewahi.

Nimecheka, halafu nikahesabu miaka. Huu ni mwaka wa nne Rehema yuko Dar, na kwake sijakanyaga. Kila akiniita namjibu kwamba ni mbali.

Mbali! Mimi niliyepima kwa rula.

Jumatatu naomba likizo. Na saa ya kufika nitamtajia shemeji mara mbili, halafu nitamwomba airudie yeye mwenyewe. Kuku nitabeba vilevile.