Vidonge Ulivyoviacha Nyuma ya Redio

Mume wangu, Baba Zuhura,

Assalaam alaykum. Tangu asubuhi sijakaa kitako. Nimefagia uwanja uliokwishafagiliwa, nimeosha vyombo visafi. Nilikuwa nafuta vumbi kabatini, nikasogeza redio yako, nikaviona vidonge vyako vya saratani ya tezi dume, pakiti nzima, na wewe uko Masasi kwenye jando la mjukuu wetu. Umesahau, au umeviacha? Hilo ndilo linalonizungusha nyumba nzima.

Mume mwingine ningesema amesahau. Wewe nakujua. Unakumbuka zile funga zako za Jumatatu na Alhamisi? Asubuhi humezi dawa, eti umefunga Sunna, nami nafurahi kwamba maradhi yamekusogeza kwa Mola wako. Jioni nakupikia uji na tambi, unafuturu kama mtu aliyeshinda na njaa kweli. Mpaka Mama Rehema wa jirani akarudi kutoka soko la Tandale, akaniuliza siku hizi Sunna inafungwa na mihogo ya kukaanga? Amekukuta huko unaitafuna, kachumbari juu.

Nilikungoja mlangoni hapa Temeke nikugombeze. Ukanitangulia kucheka, mie nikacheka. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Vidonge hivi vinaniondolea uanaume, Mama Zuhura. Siku nisipomeza najiona mtu."

Tukaenda wote hospitali. Daktari wala hakukufokea. Alisema lile joto linalokupanda ghafla na ule unyonge vinaletwa na dawa, na yapo mambo ya kusaidia, ila umwambie yeye, usijipunguzie mwenyewe. Kujisikia mzima siyo kupona. Ukirukaruka siku, ugonjwa unapata mwanya wa kuinuka. Na ukitaka kufunga, mpange naye saa za kumeza. Toka hapo ukawa unameza baada ya swala ya alfajiri, mie kando na kikombe cha maji, unanitania kwamba nimekuwa askari magereza.

Sasa leo simu yako haipatikani. Nimempata dada yako, anasema uko na wanaume jandoni, mwanamke hafiki huko. Nimtume aseme nini? Siri yako sijaitoa hata kwake. Labda umeona haya kumeza mbele ya wenzio, waanze kukuuliza. Nakuelewa. Lakini huo uanaume unaouogopea watu, mie sikukudai. Nimemwomba Mungu anibakizie wewe, unayelalamikia chumvi, unayekoroma, unayeimba vibaya bafuni.

Kaka yangu anakuja huko leo. Nampa pakiti nimeiviringisha kwenye kitambaa, na barua hii nitaibandika kwa gundi. Hajui ni dawa ya nini. Nimemwambia tu asibanduke hapo mpaka akuone umemeza. Nimeuliza na hospitali: usifidie kwa kumeza viwili kwa mpigo, endelea na cha siku hiyo, halafu ukirudi tuwaone.

Ukishameza, tafuta penye mtandao, unibipu. Sitapokea. Nikiona jina lako tu kwenye simu, nitavuta kigoda, nikae chini.

Mola akulinde huko uliko mbali nami.

Mkeo, askari magereza wako,
Mama Zuhura