Bushi Isiyo na Kosa

Jumanne, Kilosa

Basi mkombozi wetu ameanza kazi. Mashine ndogo kama kabati la vyombo, inakereza, inatoboa na kuchonga yenyewe kwa kompyuta. Leo imetoa bushi, ile pete inayovishwa shafti ya mtambo wa kusinga mkonge, sawasawa na mchoro. Haikuingia. Shafti tumeichomelea miaka ishirini, imenenepa, mchoro utajuaje?

Meneja, kijana aliyeletwa na ubinafsishaji, akaniambia, "Shikamoo mzee. Shafti yenu ndiyo yenye makosa."

"Marahaba," nikamjibu.

Alipokwenda kula, nikaipiga bushi tupa kwa ndani mpaka ikaingia. Aliporudi akakuta mtambo unazunguka. Akaipongeza mashine, akaipiga na picha!

Kesho anabandika majina ya mafundi wanaopunguzwa. Naogopa. Langu likiwemo, nimeliandika mwenyewe, kwa tupa yangu.